Kuweka programu huria za mstari wa amri kwenye simu iliyorutiwa: mwongozo kamili

Vijana wengi wanaojifunza kompyuta hapa Dar es Salaam, awe wa DIT, wa CoICT pale Kijitonyama au anayejifundisha mwenyewe nyumbani Mbagala, hawana laptop. Wana simu. Simu hiyo ikiwa ya Android, ndani yake kuna kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inayofanya kazi usiku na mchana, na inaweza kubeba git, Python, SSH, SQLite na hata kompaila ya C, zana zile zile zinazotumika kwenye seva kubwa. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye simu yake tayari imerutiwa, yaani imefunguliwa ili mwenyewe apate root, mamlaka ya juu kabisa ya mfumo, na anataka kuigeuza kuwa mashine ya kazi.

Kanuni inayoongoza hatua zote hapa chini ni moja. Programu unaziweka ukiwa mtumiaji wa kawaida. Nguvu ya root unaiomba kwa amri moja, kwa kazi moja, basi. Programu nyingi za mstari wa amri hazihitaji root kabisa. Kuna simu zinazoharibika baada ya kurutiwa kwa sababu mwenyewe alifungua root tangu mwanzo, akaendelea kuandika amri zote humo.

Ijue simu yako kwanza

Swali la kwanza ni nani aliyeiruti. Kama uliinunua imetumika na ikaja tayari imerutiwa, usijenge juu yake. Aliyekuwa na root kabla yako anaweza kuacha programu inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kusoma kila ujumbe unaoingia, pamoja na namba za siri za mara moja zinazotumwa na benki. Ifleshi kwa romu asili ya mtengenezaji, yaani iandike upya kwa mfumo wake wa kiwandani, kisha iruti mwenyewe. Na kabla hujalipa, bonyeza *#06# upate IMEI, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama ni halali. Watu hawajasahau Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia.

Njia inayoaminika ya kuruti leo ni Magisk, iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016. Haigusi sehemu ya mfumo yenyewe. Inarekebisha taswira ya kuwashia simu, faili la boot.img, au init_boot.img kwa simu nyingi zilizotoka kiwandani na Android 13 kwenda mbele. Ipakue kwenye ukurasa wake rasmi wa GitHub pekee. Zile programu za kuruti kwa mguso mmoja zinazosambazwa kwenye magrupu ziache kabisa, maana unamkabidhi usiyemjua funguo zote za simu. Lile boot.img la asili, ambalo halijaguswa, litunze nje ya simu, kwenye flashi au kompyuta ya rafiki. Siku simu ikikataa kuwaka, hilo ndilo litakaloirudisha.

Kuhusu pesa, jiandae. Baadhi ya programu za benki na za pesa za simu hukagua kama simu imefunguliwa na hukataa kufanya kazi. Menyu za kupiga namba, kwa mfano *150*00# ya M-Pesa, haziathiriki, kwa sababu zinapita kwenye mtandao wa simu wenyewe na si kwenye programu. Ushauri wangu ni kwamba simu ya majaribio na simu ya pesa ziwe mbili tofauti kama uwezo upo. Kama haupo, tumia menyu ya namba, na usiiruhusu programu usiyoifahamu kupata root.

Sheria nayo ipo. Kubadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta (EPOCA) ya mwaka 2010, hata kama fundi anakuambia ni jambo la dakika mbili. Kuingia kwenye mfumo wa mtu au kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kila kitu kilichoandikwa hapa ni cha kufanyia simu yako na mtandao wako.

Kupata Termux

Termux ni terminali iliyokuja na mazingira yake ya Linux. Ipo tangu 2015, ni programu huria, na ndiyo msingi wa kila kinachofuata. Ichukue F-Droid, duka la programu huria, au kwenye ukurasa wake wa GitHub. Toleo la Play Store liache. Sababu ni ya kiufundi na inafaa uijue: kuanzia Android 10, programu iliyojengwa kwa kulenga mfumo huo hairuhusiwi kuendesha faili zilizoandikwa ndani ya folda yake yenyewe, na Termux inaishi kwa kufanya hivyo hasa. Toleo la F-Droid limebaki linalenga Android 9, ndiyo maana linafanya kazi kikamilifu.

Faili la F-Droid ni kubwa, linapita MB 100, kwa kuwa limebeba aina zote za prosesa. GitHub kuna mafaili madogo zaidi, moja kwa kila aina. Usipojua prosesa yako chukua lile la jumla. Jambo la kushika ni kwamba ukichagua chanzo kimoja, nyongeza zake zote kama Termux:API na Termux:Boot nazo zitoke hapo hapo. Saini za F-Droid na za GitHub hazifanani, na Android itakataa kuzichanganya.

Ukishaiweka, ifungue mara ya kwanza ukiwa na intaneti, isubiri ijipange, kisha andika:

pkg update
pkg upgrade

Katikati utaulizwa kuhusu mafaili ya mipangilio, kama unataka jipya au ubaki na la zamani. Kama hujawahi kulihariri faili hilo mwenyewe, jibu Y. Usiruke hatua ya upgrade hata kama bando ni dogo. Vifurushi vya Termux husogea mbele vyote kwa pamoja, na ukiweka kipya juu ya maktaba za zamani utakutana na ujumbe unaoanza na CANNOT LINK EXECUTABLE. Dawa ya ujumbe huo karibu kila mara ni pkg upgrade hiyo hiyo uliyoiruka.

Kama upakuaji unakwama au unatambaa, tumia amri hii uchague seva nyingine:

termux-change-repo

Kuhusu bando, apt, kisakinishi kinachofanya kazi nyuma ya pkg, hukuonyesha ukubwa wa kupakua kabla haijaanza na mara nyingi husubiri jibu lako. Soma mstari huo kila mara. Kompaila ya clang ni kubwa, ffmpeg huja na msururu wa maktaba nyuma yake, wakati nano au jq ni vitu vidogo mno. Ukimaliza, pkg clean inafuta mafaili ya usakinishaji yaliyobaki na kukurudishia nafasi.

Mafaili yanakaa wapi

Hapa ndipo wengi hupotea, na ukipaelewa umemaliza nusu ya kazi. Kwenye Linux ya kawaida programu ziko /usr/bin na mipangilio iko /etc. Android haina /usr/bin. Termux imejenga ulimwengu wake ndani ya folda yake:

/data/data/com.termux/files/usr
/data/data/com.termux/files/home

Ya kwanza inaitwa $PREFIX, ya pili ni $HOME. Kwa hiyo mwongozo wa Linux ukikuambia uhariri /etc/fulani, wewe hariri $PREFIX/etc/fulani. Ukikuambia utumie /tmp, yako ni $PREFIX/tmp.

Tofauti nyingine iko ndani zaidi. Linux za kawaida kama Debian na Ubuntu hutumia maktaba ya C iitwayo glibc. Android hutumia Bionic. Programu iliyokompailiwa kwa ajili ya Ubuntu, hata kama prosesa ni ile ile, haitawaka hapa. Ndiyo maana Termux hukompaili upya kila kifurushi, na ndiyo maana faili ulilolitoa kwenye tovuti ya mradi, lililoandikwa Linux ARM64, mara nyingi hukataa.

Zipo zinazowaka nusu. Programu za lugha ya Go, kwa mfano, hubeba kila kitu ndani yake, kwa hiyo zile za Linux hukubali kuanza. Kisha unaiambia iende kwenye tovuti fulani, na inakujibu kwamba imekataliwa kuunganishwa na [::1]:53. Imetafuta faili la /etc/resolv.conf ili ijue seva ya kutafsiri majina ya tovuti, haikulikuta kwa sababu Android haina faili hilo, ikajiuliza yenyewe. Mtandao wako ni mzima na bando halijaisha. Weka golang kwa pkg, kompaili programu hiyo humo humo ndani ya Termux, na tatizo litaondoka.

Kuna pia hifadhi ya pamoja, ile unayoiona kwenye kidhibiti cha mafaili. Andika:

termux-setup-storage

Kubali ruhusa, na folda ya ~/storage itatokea. Itumie kupokea na kutoa mafaili tu. Msimbo wako usikae huko, kwani hifadhi hiyo imefungwa isiendeshe programu. Skripti ikiwa /sdcard utapewa Permission denied hata ukiipa chmod (amri ya kugawa ruhusa) ya aina gani.

Zana za kuanzia

Hizi hazihitaji root hata moja:

pkg install git python openssh nano tmux curl jq sqlite

Python ina jambo lake. Maktaba nyingi za pip, kisakinishi cha maktaba za Python, huja zikiwa zimekompailiwa kwa glibc, hivyo pip ikizikosa hujaribu kuzijenga hapo hapo, na simu huchemka nusu saa nzima. Kabla ya kuandika pip install numpy, tafuta kwanza kama Termux wameshaitengeneza:

pkg search numpy
pkg install python-numpy

SSH ndiyo itakayokupa raha zaidi. Kuandika msimbo kwenye kioo cha simu kunachosha mikono, lakini ukipata kompyuta ya maktaba au ya rafiki kwa saa moja unaweza kuingia kwenye simu yako kupitia Wi-Fi na kutumia kibodi kamili. Weka nenosiri kwa passwd, washa kwa sshd, halafu kwenye kompyuta andika (anwani ya simu utaiona kwenye mipangilio ya Wi-Fi):

ssh -p 8022 192.168.1.20

Mlango ni 8022 na si 22, kwa sababu mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kufungua milango iliyo chini ya 1024. Kuna wanaokimbilia root ili tu wapate 22. Hakuna faida yoyote; unaiweka seva ya SSH kwenye nguvu ya juu kabisa ya simu kwa ajili ya tarakimu mbili. Kwenye Wi-Fi ya mgahawa au hosteli tumia funguo za SSH badala ya nenosiri, na ukimaliza zima kwa pkill sshd.

Sasa root

Hakikisha kwanza root ipo na inajibu:

su -c id

Magisk itatokea kwenye kioo ikiuliza kama Termux iruhusiwe. Ukikubali, jibu litaanza na uid=0(root). Ukipata No su program found on this device, simu haijarutiwa, au uliruti kisha sasisho la mfumo likaifuta. Ndani ya Magisk unaweza kuchagua ruhusa iwe ya mara moja au ya dakika chache. Chagua muda mfupi. Ruhusa ya kudumu kwa terminali maana yake kila skripti unayoipakua mtandaoni na kuiendesha inaweza kuomba root na kupewa bila wewe kuona.

Zingatia umbo la amri ile: su -c, kisha kazi. Hiyo ndiyo tabia ya kuizoea. Ukiandika su peke yake unaingia kwenye ukumbi wa root na kubaki humo, na kila faili utakalolitengeneza litakuwa mali ya root. Kijana mmoja aliniuliza, “Kaka, mbona simu yangu ina root lakini git inakataa kuandika kwenye folda yangu mwenyewe?” Jibu lilikuwa humo humo. Aliendesha git clone akiwa root, folda ikawa ya root, na alipotoka akawa mgeni nyumbani kwake. Ikikutokea, rudisha umiliki wa folda hiyo peke yake:

su -c "chown -R $(id -u):$(id -g) $HOME/mradi"
su -c "restorecon -R $HOME/mradi"

Alama za nukuu mbili zina kazi. Zinaifanya $HOME na id zisomwe na Termux kabla root haijaingia, hivyo zinabeba maana yako na si ya root. Mstari wa pili unarudisha lebo ya SELinux, ulinzi mwingine wa Android unaoweza kukuzuia hata umiliki ukiwa sahihi. Kuhusu pkg na apt, usizijaribu kwa root. Termux wenyewe wamezifunga zikatae, na wamefanya jambo jema.

Je, ni kazi gani basi inayohitaji root kweli? Nichukue inayomgusa kila mtu mjini: bando linaisha na hujui limekwenda wapi. Weka ghala la zana za root, kisha zana mbili:

pkg install root-repo
pkg update
pkg install iproute2 tcpdump

Anza na kuangalia nani anaongea na nani kwa sasa hivi:

su -c "$PREFIX/bin/ss -tunp"

Nimeandika njia kamili ya programu makusudi, kwani root hana uhakika wa kujua programu za Termux ziko wapi. Utaona orodha ya miunganisho, kila mmoja na anwani ya mbali na jina la mchakato ulioufungua. Jina hilo limekatwa: kerneli huhifadhi herufi 15 tu, na Android huchagua zile 15 za mwisho za jina la programu. Kwa hiyo com.android.vending, ambayo ni Play Store, itaonekana kama android.vending. Bila root orodha hii isingekuonyesha michakato ya programu nyingine, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa simu ya kawaida.

Ukitaka kuona kinachotokea wakati umelala, tumia tcpdump, zana ya kurekodi pakiti zinazopita kwenye mtandao:

su -c "timeout 3600 $PREFIX/bin/tcpdump -i any -n -s 200 -U -w -" > usiku.pcap

Soma amri hii taratibu, maana kila kipande kina sababu. timeout 3600 inaizima yenyewe baada ya saa moja, hivyo haibaki ikizunguka na root asubuhi yote. -i any inasikiliza njia zote, kwa kuwa jina la njia ya data hubadilika kulingana na chipu: simu za MediaTek huiita ccmni0, za Qualcomm huiita rmnet_data0. -s 200 inachukua kichwa tu cha kila pakiti ili faili lisiwe kubwa kama bando lenyewe. Mwisho, -w - inamwambia tcpdump amwage matokeo nje, na alama ya > iko nje ya nukuu. Hiyo ndiyo siri yake: root amesikiliza mtandao, lakini faili limeandikwa na wewe, ni mali yako tangu mwanzo, na huna haja ya chown wala restorecon.

Kulisoma hakuhitaji root tena:

tcpdump -n -r usiku.pcap 'udp dst port 53' | grep -o ' A? [^ ]*' | sort | uniq -c | sort -rn | head

Utapata majina ya tovuti yaliyoulizwa zaidi na mara ngapi kila moja. Kama orodha ni tupu, angalia mipangilio ya DNS ya faragha; DNS ndiyo inayotafsiri majina ya tovuti. Tangu Android 9 maswali hayo yanaweza kusafiri yakiwa yamefichwa, hivyo izime kwa muda wa jaribio, kisha uirudishe. Ukishaliona jina linalojirudia usiku kucha, rudi kwenye mipangilio ya kawaida ya Android uizuie programu husika isitumie data ikiwa nyuma. Kwa hatua hiyo ya mwisho root haina kazi.

Kukompaili mwenyewe

Programu isipopatikana kwenye pkg, unaijenga kutoka kwenye msimbo wake:

pkg install build-essential git
git clone --depth 1 anwani-ya-mradi
cd mradi
./configure --prefix=$HOME/zana
make -j2
make install

--depth 1 inakuletea hali ya sasa ya msimbo bila historia yake yote, na kwa miradi ya zamani tofauti ya bando ni kubwa. Nimependekeza $HOME/zana badala ya $PREFIX ili unachojijengea kisichanganyike na vifurushi vya apt. Ukikichoka unafuta folda moja. Ongeza mstari huu kwenye ~/.bashrc ili programu hizo zipatikane:

export PATH=$HOME/zana/bin:$PATH

Skripti zinazoanza na #!/bin/bash zikileta shida, zirekebishe kwa termux-fix-shebang jina-la-skripti. Usiongeze -j kupita mbili au tatu kwenye simu ya kawaida. Joto la Dar la Januari na Februari si la kuchezea. Simu ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, betri inaumia, na kazi haimaliziki mapema. Itoe kwenye kava, iweke mbele ya feni, fanya usiku.

Zana ya mfumo mzima

Mara chache utataka amri yako ipatikane nje ya Termux, kwa mfano ukiwa umeunganisha simu kwenye kompyuta kwa adb, zana ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta. Miongozo ya zamani itakuambia uifungue /system kwa kuandika na kunakili faili humo. Kwenye simu za sasa sehemu hiyo mara nyingi imetengenezwa isiandikike kabisa, na kuilazimisha ndiko kunakoacha simu imekwama kwenye nembo. Njia salama ni moduli ya Magisk, inayotandaza mafaili yako juu ya mfumo wakati wa kuwaka bila kuugusa. Ndani ya Termux tengeneza skripti iitwayo miunganisho yenye mistari hii:

#!/system/bin/sh
exec /data/data/com.termux/files/usr/bin/ss -tunp

Na faili la module.prop:

id=zanazangu
name=Zana zangu
version=1
versionCode=1
author=mimi
description=Amri zangu binafsi

Kisha:

su -c "mkdir -p /data/adb/modules/zanazangu/system/bin"
su -c "cp $HOME/module.prop /data/adb/modules/zanazangu/"
su -c "cp $HOME/miunganisho /data/adb/modules/zanazangu/system/bin/"
su -c "chmod 755 /data/adb/modules/zanazangu/system/bin/miunganisho"
su -c "chcon -R u:object_r:system_file:s0 /data/adb/modules/zanazangu/system"

Zima na uwashe, kisha iendeshe kwa su -c miunganisho, kwa kuwa bila root folda ya Termux haifikiki kutoka nje. Ukitaka kuiondoa, Magisk ina kitufe chake kwenye orodha ya moduli, na mfumo unabaki kama ulivyotoka kiwandani.

Termux ikifa ghafla

Kuanzia Android 12, mfumo huhesabu michakato midogo inayozaliwa na programu zote na kuua inayozidi 32. Unaona Process completed (signal 9) na kazi ya saa nzima imepotea. Kwenye Android 12:

su -c "device_config set_sync_disabled_for_tests persistent"
su -c "device_config put activity_manager max_phantom_processes 2147483647"

Kwenye 12L na 13:

su -c "settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false"

Kuanzia 14 kuna swichi ya kuondoa kizuizi hicho ndani ya Chaguo za wasanidi programu, huhitaji root. Pamoja na hayo, itoe Termux kwenye vizuizi vya betri, na andika termux-wake-lock kabla ya kazi ndefu. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa zina msimamizi wake wa kusafisha kumbukumbu. Mwekee Termux kama programu inayolindwa.

Kugawana na kutunza

Kundi la watu watano halina sababu ya kupakua kitu kile kile mara tano. Mmoja anapakua:

mkdir ~/gawa
cd ~/gawa
apt download tcpdump libpcap
python -m http.server 8080

Anawasha hotspot, anazima data, na wengine wanachukua mafaili kwa curl -O kupitia anwani ya simu yake bila kutumia hata MB moja ya bando. Prosesa ziwe za aina moja; amri ya dpkg --print-architecture itawaambia. Anayepokea aweke kwa apt install ./*.deb, lakini kwanza akague, kwa sababu faili la mkononi halipitii ukaguzi wa saini unaofanyika kwa vifurushi vinavyotoka kwenye ghala:

apt-cache show tcpdump | grep SHA256
sha256sum tcpdump*.deb

Herufi zisipolingana na matoleo ni yale yale, faili lifutwe, hata kama limetoka kwa rafiki.

Chelezo ya kila kitu ni amri moja:

tar -zcf /sdcard/chelezo.tar.gz -C /data/data/com.termux/files ./home ./usr

Na kurudisha, baada ya kuweka Termux upya na kuipa ruhusa ya hifadhi:

tar -zxf /sdcard/chelezo.tar.gz -C /data/data/com.termux/files --recursive-unlink --preserve-permissions

Ukibanwa na nafasi, hifadhi folda ya miradi yako pamoja na orodha ya vifurushi, kwa apt-mark showmanual > orodha.txt, na uviweke upya siku ukipata Wi-Fi. Chelezo kamili imebeba pia ~/.ssh, yaani funguo zako za siri, na programu yoyote yenye ruhusa ya mafaili inaweza kulisoma likiwa /sdcard. Lihamishie kwenye flashi au kompyuta siku hiyo hiyo, kisha ulifute kwenye simu.